Samaki Yupi, Mlaji Yupi: Zebaki na Hesabu ya Hatari katika Ziwa Victoria



Nimeombwa nieleze jinsi wataalamu wanavyotathmini hatari ya kemikali katika maziwa na mito. Fasili zipo vitabuni, na jioni ni fupi, kwa hiyo nitaanza na hesabu.

Chukueni mama mjamzito mwenye uzito wa kilo 60. Mwaka 2003, kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilipanga kiasi cha methili-zebaki ambacho mtu anaweza kula kila wiki pasipo kuhofia madhara kwa mtoto aliye tumboni: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mama wetu hizo ni mikrogramu 96 kwa wiki. Sasa mpikieni sangara mwenye zebaki miligramu 0.5 kwa kilo, yaani samaki aliyefika kwenye kikomo kilichotumika kwa miaka mingi katika biashara ya kimataifa bila kukivuka. Kilo moja ya samaki huyo ina mikrogramu 500, na karibu zote ni methili-zebaki. Gawanyeni. Mama anamaliza posho yake ya wiki nzima kwa gramu 192. Hicho ni kipande kimoja kizuri, au viwili kama mpishi ni mchoyo. Akila Jumatatu amemaliza. Jumanne akiletewa kitoweo kilekile, amepita kiasi, na samaki bado ni halali sokoni.

Hakuna aliyedanganya hapo. Kikomo kile kiliwekwa na watu wenye akili timamu, ila kichwani mwao alikuwamo mlaji anayekula samaki mara mojamoja, siku nyingine kuku, siku nyingine nyama. Mlaji wa Ukerewe au wa kisiwa cha Rusinga hakuwamo. Hoja yangu ya leo ndiyo hiyo: ndani ya kila namba ya hatari kuna samaki fulani, mlaji fulani na siku fulani. Ukiazima namba umewaazima na hao, upende usipende.

Tuangalie basi namba hizo zinapikwaje, tukianza na viumbe wa majini wenyewe. Maabara nyingi duniani humtumia mdudu mdogo wa jamii ya uduvi aitwaye dafnia, ambaye ukimweka kwenye bilauri unamwona akirukaruka kama nukta yenye haraka. Wanachukuliwa wachanga ambao hawajafikisha saa 24 tangu kuzaliwa. Wanagawanywa watanowatano katika vyombo vyenye kemikali ya viwango tofauti, maji yakiwa kwenye nyuzijoto karibu 20. Baada ya saa 48 mtaalamu anakitikisa chombo taratibu, kisha anahesabu. Asiyeweza kuogelea ndani ya sekunde 15 anaandikwa kuwa amelemaa. Mwani nao hupimwa kwa saa 72, na samaki kwa saa 96. Kutokana na majaribio hayo hupatikana kiwango kinacholemaza au kuua nusu ya viumbe.

Kiwango hicho hakiwezi kuwa kikomo cha ziwa, maana hakuna anayetaka ziwa lenye nusu ya viumbe wake. Kwa hiyo wataalamu huchukua namba ndogo kuliko zote walizozipata na kuigawanya. Kama wana majaribio ya muda mfupi tu, kwa mwani, dafnia na samaki, huigawanya kwa 1,000. Wakipata jaribio moja la muda mrefu, la kuzaliana na kukua, kigawanyo hushuka hadi 100. Wakipata mawili hufika 50, na wakipata matatu, kwa viumbe wa ngazi tatu tofauti, hufika 10. Jibu linalotoka kwenye hesabu hiyo huitwa kiasi kisichotarajiwa kudhuru. Kisha hukadiriwa kiasi kinachotarajiwa kuwamo majini, na cha pili hugawanywa kwa cha kwanza. Jibu likizidi 1, kazi imeanza.

Mimi napenda sana kile kigawanyo cha 1,000. Ni mahali adimu katika sayansi ambapo ujinga hulipiwa waziwazi: kadiri unavyojua kidogo, ndivyo unavyotakiwa kuwa mwangalifu zaidi. Wakubwa wengi hupenda mpango uwe kinyume chake, kwamba palipo na taarifa chache ndipo panapotangazwa kuwa pako salama.

Lakini tazameni nani yumo katika bilauri ile. Dafnia anayetumika sana ni wa maji ya nchi za baridi. Samaki wa maabara mara nyingi ni trauti, anayependa maji baridi yenye oksijeni tele. Ziwa letu lina joto la nyuzi 24 na zaidi mwaka mzima. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na samaki wa maji ya moto hupumua kwa kasi, hivyo hupitisha maji mengi zaidi kwenye mashavu yake, pamoja na kilichomo. Je, sato ni mgumu kuliko trauti au ni laini? Kwa kemikali fulani ni mgumu, kwa nyingine sivyo. Jibu halipatikani kwa kukisia.

Na ziwa lenyewe si bilauri. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Karibu asilimia 80 ya maji yake huingia kama mvua inayonyesha juu ya ziwa, na sehemu kubwa hutoka kwa kuvukizwa na jua. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, Nile pale Jinja. Maji yakipanda kuwa mvuke huacha nyuma vyote visivyovukizwa. Ziwa zima likitegemea mlango ule peke yake kujisafisha, litahitaji zaidi ya miaka 100. Mto hukosea leo na kusahau mwakani, lakini ziwa la namna hii lina kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inakaa kwenye tope.

Hapo ndipo zebaki inapoingia, nami nitakaa nayo kwa sababu inaikosea adabu ile hesabu ya bilauri.

Nendeni Rwamagasa, mkoani Geita, mahali ambapo mradi wa kimataifa wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulifanya uchunguzi miaka ya mwanzo ya 2000, au nendeni kwenye machimbo yoyote ya wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa. Mawe yametoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, yamepita kwenye karasha, yamekuwa unga. Unga unamwagiwa maji juu ya ubao ulioinama, uliotandikwa magunia au mataulo, na dhahabu kwa kuwa ni nzito hunasa kwenye nyuzi. Mataulo hukung'utwa ndani ya beseni. Mchanga mzito unaobaki humiminiwa zebaki, na mtu huuvuruga kwa mkono, mara nyingi mkono mtupu, mpaka zebaki ikumbatiane na dhahabu. Donge linakamuliwa kwenye kitambaa, na zebaki ya ziada inarudi chupani, kwa sababu ni ghali na hakuna mpumbavu wa kuimwaga. Kinachobaki ni kidonge cha kijivu cheupe. Kinawekwa juu ya jiko la mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, inapanda hewani bila rangi wala harufu, na dhahabu inabaki kama sponji ya njano.

Zebaki imekwenda wapi? Sehemu imeingia mapafuni mwa aliyesimama karibu na jiko, na huyo ndiye mtu wa kwanza kudhurika. Nyingine itashuka na mvua, na nyingine imebaki kwenye unga uliooshwa, ambao wenyewe huuita marudio. Marudio hayatupwi, maana yana dhahabu ambayo zebaki haikuipata. Yanauzwa kwa mwenye matangi ya sianidi, na sianidi ikikutana na zebaki huiyeyusha pamoja na dhahabu, ikaanza kusafiri na maji kwa wepesi ambao peke yake isingekuwa nao. Sianidi yenyewe huuawa na jua na hewa baada ya muda. Zebaki haiuawi na chochote, ni elementi. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa wazi wa vidonge vile, uchomaji wake kwenye makazi ya watu, na sianidi juu ya marudio ambayo zebaki yake haijaondolewa. Aliyeandika masharti hayo alikuwa anaujua uchimbaji mdogo vizuri.

Sasa mchukue afisa mwadilifu, mpe chupa, mtume akachote maji ya mto chini ya machimbo. Ataleta maji yenye zebaki kidogo sana, pengine isiyofikia kiasi cha kifaa kuisoma. WHO inaruhusu mikrogramu 6 za zebaki kwa lita katika maji ya kunywa, na maji yake yatakuwa chini kabisa ya hapo. Ataandika ripoti: maji ni salama. Naye amesema kweli. Kwa kunywa, ni salama. Ila zebaki haikuwa pale alipochota. Ilikuwa imeshika chembe za udongo na kutua chini, ikasafiri na mafuriko hadi kwenye mafunjo na mlango wa mto. Huko, ndani ya tope lisilo na oksijeni, bakteria wanaopumua salfeti huigeuza kuwa methili-zebaki. Na hii haina haja ya kuwa nyingi majini. Mwani unaichukua, mdudu anakula mwani, dagaa anakula mdudu, sangara anakula dagaa, na kila mlaji huibeba karibu yote ya aliyemla, kwa sababu inashika protini ya misuli na mwili hauna haraka ya kuitoa. Hadi kufika kwa samaki mkubwa mla samaki, kiasi kinaweza kuwa mara milioni ya kile kilichomo majini. Haiondoki kwa kukata mafuta wala kwa kuchuna ngozi, na kukaanga hakuisumbui.

Ndiyo maana Ulaya, kwa zebaki, iliacha kutegemea maji peke yake ikaweka kiwango ndani ya samaki: mikrogramu 20 kwa kilo ya samaki mbichi. Linganisheni na zile 500 za sokoni. Kiwango cha chini kiliwekwa kwa ajili ya wanyama wanaokula samaki kila siku ya maisha yao, ndege na wenzao. Kwetu wangekuwa furukombe na fisi maji. Ukitazama ulaji tu, mtoto wa mvuvi yuko karibu zaidi na fisi maji kuliko na mnunuzi wa minofu wa Hamburg. Nasema hivi bila kumdharau yeyote kati ya hao watatu.

Kwa bahati nzuri, vipimo vilivyofanywa Ziwa Victoria kwa miaka mingi vimeonyesha kwamba samaki wengi wana zebaki chini ya kikomo cha soko, mara nyingi chini sana. Sangara wakubwa mno ndio wanaosogelea kikomo, na mara chache kukivuka. Sababu moja ni kwamba samaki wetu hukua haraka: nyama inaongezeka upesi kuliko zebaki, na kiasi kwa kila kilo kinabaki kidogo. Kwa hiyo asitoke mtu humu akaenda kumwambia dada yake aache samaki. Mama mjamzito akinyimwa samaki mahali ambapo protini nyingine ni ya sikukuu, madhara yake ni ya uhakika, wakati ya zebaki ni ya kukadiria. Tathmini isiyoweka upande wa pili wa mizani inaweza kuua kwa nia njema. Ushauri wa maana ni wa ukubwa wa samaki: dagaa, furu, sato, na sangara wadogo wanaoruhusiwa kuvuliwa, badala ya lile dubwana la kupigia picha.

Na hata dagaa ana mtego wake wa hesabu. Akikaushwa hupoteza maji, uzito unashuka, na zebaki kwa kilo inapanda bila hata tone moja kuongezeka. Mtu asiyejua atalinganisha dagaa mkavu na sangara mbichi kisha atangaze balaa. Aanze kwa kurudisha maji kwenye hesabu.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi wa fani hii angepaswa kukijua. Masazumi Harada alikuwa daktari wa Kumamoto, Japani. Alijulikana kwa kazi yake juu ya watoto waliozaliwa na ugonjwa wa Minamata, waliopata sumu wakiwa tumboni baada ya kiwanda cha Chisso kumwaga zebaki kwenye ghuba tangu 1932 hadi 1968. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walikuja Tanzania kupima nywele za watu wa kandokando ya Ziwa Victoria: wachimbaji, wavuvi na familia zao, na wakazi wa Mwanza. Nywele ni daftari zuri, hukua takriban sentimita moja kwa mwezi na huhifadhi kilichokuwa kwenye damu. Ungetarajia wakute chanzo ni dhahabu, au ni samaki. Wakakuta baadhi ya wavuvi na watu wa nyumbani kwao wana zebaki ya juu kuliko wachimbaji, tena zebaki yenyewe haikuwa ya aina inayopatikana kwenye samaki. Ilikuwa ya madini ya kawaida, isiyo methili. Chanzo walichokishuku kilikuwa bafuni: sabuni za kujichubua zenye zebaki.

Tafakarini kidogo. Angekuja mtu na kipimo cha zebaki yote kwa jumla, bila kutenganisha aina, na bila kuuliza swali la sabuni, angeondoka na ramani nzuri ya rangi ikionyesha wavuvi wamechafuliwa na ziwa. Wangeambiwa waache samaki na waendelee kuoga. Na ile sabuni ingeendelea kuoshwa ufukweni na kuingia ziwani, ikawa mchango mdogo lakini wa kweli. Harada alitoka katika kazi ya Minamata, ambako jibu lilikuwa samaki, na bado aliweza kuliona jibu lingine. Hicho ndicho ninachokiita uchunguzi. Leo vipodozi hivyo vimepigwa marufuku, na mnajua ninyi nyote vinauzwa wapi.

Nimesema pia kuna siku fulani ndani ya namba. Mfano wake mnaukumbuka. Machi 2022, Mto Mara uligeuka mweusi na samaki wakaelea upande wa Tanzania. Macho ya watu yalikwenda migodini moja kwa moja. Kamati ya serikali ikatangaza kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni. Nchi ikacheka, na vichekesho vya ng'ombe vikajaa kwenye simu. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 2018, watafiti walikuwa wamechapisha kazi yao ya upande wa Kenya wa mto huohuo. Viboko zaidi ya 4,000 humwaga mtoni kila siku zaidi ya kilo 8,000 za majani waliyoyasaga nusu. Kinyesi hutulia kwenye madimbwi, oksijeni ya chini inaisha, na mvua ya ghafla inapolisukuma dimbwi lote, maji mabovu huteremka kwa mkupuo. Walihesabu vifo vya samaki mara tisa katika miaka mitano.

Kwa hiyo kinyesi kinaweza kuua mto. Hilo halithibitishi kwamba mwaka 2022 kiliua, kama vile kicheko hakikuthibitisha kwamba ni mgodi. Kilichohitajika ni mambo mawili: oksijeni iliyopimwa saa kwa saa kabla na wakati wa tukio, na tope la mwaka uliotangulia la kulinganishia. Bila hayo, chupa inayochotwa baada ya samaki kuelea ni kama kumhoji shahidi aliyefika baada ya ugomvi kwisha. Hapo kamati yoyote, hata ingekuwa ya malaika, itakosa kuaminiwa, na wananchi wataamini walichokuwa wanakiamini juzi.

Tunaweza kupima, na tumeshaonyesha hivyo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za wavuvi kutumia sumu za kuulia wadudu kuvulia samaki. Viwanda vya Mwanza, Kisumu na kule Uganda vilitikisika. Baada ya hapo maabara zikaimarishwa, sampuli zikachukuliwa kwa utaratibu, vyeti vikatolewa, na minofu ikasafiri tena. Yote hayo yalifanyika kwa ajili ya sahani ya mbali. Minofu ilikuwa na cheti, na mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki kiwandani na kukaangwa kwa ajili yetu, hayakuwa nacho. Silalamiki kwamba mnunuzi alilindwa. Nashangaa tu kwamba utaratibu uliowezekana kwa minofu ulionekana mgumu mno kwa mapanki ya samaki yuleyule.

Ningekuwa na bajeti ya mwaka mmoja, nisingeanza na maji kabisa. Ningechota tope kwenye milango ya mito inayotoka machimboni, mara moja kabla ya masika na mara moja baada yake, sehemu zilezile kila mwaka. Ningepima sangara kwa makundi ya urefu, maana wastani wa ziwa zima haumsaidii mtu yeyote, na ningeandika umri wao. Ningemtumia sato wetu na uduvi wetu maabara, kwenye nyuzi 25, tuone kama kigawanyo cha 1,000 kinatosha au kinatubana bure. Ningepima nywele za wanawake wa mialoni kwa kutenganisha aina za zebaki, na kwenye dodoso, kabla ya swali la samaki, lingetangulia swali la sabuni, nalo lingeulizwa na mwanamke, faraghani. Bodi ya maji ya bonde, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, na Mkemia Mkuu wa Serikali wana watu wa kuifanya kila sehemu ya kazi hiyo. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kuziweka sehemu hizo kwenye jedwali moja.

Na matokeo yasiandikwe kwa mikrogramu. Hakuna anayenunua kitoweo kwa mikrogramu. Yaandikwe kwa uzito na kwa wiki: sangara wa urefu huu, mjamzito ale mpaka kiasi hiki. Kule mwaloni viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa mialo, wana ubao wao. Juu yake, pembeni ya bei ya sangara ya asubuhi, nafasi ya mstari mmoja haikosekani.